Chura wa Daktari Mgonja

Kwa siku tatu nilikuwa sijamwamkia Daktari Mgonja. Yeye alikuwa na miaka sabini na moja, mimi thelathini na nne, na kila asubuhi alikuja kusimama mbele yangu na fimbo yake akisubiri shikamoo, nami niliendelea kufunga kamba za viatu. Siku ya tatu Karani Tumpale uvumilivu ulimwisha. Huyu ni mama wa Kinyakyusa, aliyeletwa na Baraza la Ardhi kuandika kila tunachosema, na adabu kwake si jambo la mchezo. Alinivuta pembeni.

"Nakijwa, yule ni mtu mzima. Shikamoo haina kesi."

"Kwangu ina kesi, mama. Tena ndiyo iliyotuleta huku."

Alitikisa kichwa akaenda zake. Watu hupenda kututania Wapare kwamba tunauza ng'ombe kwa ajili ya kesi ya kuku. Mimi sibishi. Miaka tisa nimeishi kwa kesi moja tu, sikuolewa, sikujenga, na leo saa kumi jioni ingefungwa.

Ilikuwa siku ya mwisho ya msimu wa tatu wa ukaguzi. Kama hadi saa kumi sijaona chura wa mitini katika bonde la Mnambwe, bonde lingerudi kwa kaya mia na sitini zilizoondolewa humo ili kumlinda, na Daktari Mgonja angehamishiwa kambi ile ile tuliyotupwa sisi, kule tambarare, kwenye nyumba za bati. Sheria ya Shahidi ndivyo inavyosema. Aliyehamisha watu kwa neno lisilo na ushahidi naye huhamishwa. Nilikuwa nimeshaona kichwani jinsi atakavyoshuka kwenye lori, na fimbo yake, akitafuta kivuli ambacho hakipo.

Shahidi ni ukanda mweusi wa mpira unaofungwa shingoni. Wadogo wa siku hizi hawajui kwamba kuna wakati mahakama ziliamini picha. Mimi nilikuwa darasa la sita ulipofika mwaka ambao kila mwenye simu aliweza kutengeneza faru akinywa maji kisimani kwa jirani yake, pamoja na sauti ya faru, nyayo zake na majibu ya maabara. Misitu ilifungwa na kufunguliwa kwa picha za kubuni mpaka majaji wakachoka, wakatupa nje picha zote na sauti zote. Kilichobaki ni jicho la mtu na mdomo wake. Ukanda unasoma damu, pumzi na misuli ya koo. Ukisema unaloliamini, taa yake inawaka kijani. Ukisema usiloliamini, nyekundu. Haujui kama msituni kuna chura. Unajua tu kama wewe na mdomo wako mmekubaliana.

Hapo ndipo Daktari alipotumaliza. Miaka kumi iliyopita alisimama juu ya ukuta wa ndiva ya Mnambwe, bwawa ambalo babu zetu walilijenga kwa mawe na udongo ili kumwagilia mashamba, akafungwa ukanda, akasema mbele ya kijiji kizima: "Nimeona vyura wapo Mnambwe." Taa ikawaka kijani.

Nilikuwa pale, nimebeba kikapu cha tangawizi. Nilimwambia Baba papo hapo, hajasema amemwona chura, amesema ameona wapo. Sisi tunaona baridi, tunaona aibu, tunaona ni bora tuondoke mapema kabla ya mvua. Mtu aliyefumba macho anaweza kuona hivyo. Baba alinikata jicho akaniambia ninyamaze, taa imewaka kijani mbele ya watu wote. Baada ya miezi miwili malori yalikuja. Mama alikaa kambini miezi sita, akaugua homa ya joto, akafa akiomba maji ya Mnambwe.

Ndipo nikaenda kujifunza kazi ya macho. Tunaitwa hivyo, macho ya Baraza. Nimezunguka milima yote ya mashariki, nimewaona kwa macho yangu vyura wa aina arobaini na moja, na sijawahi kuwakiwa na taa nyekundu hata mara moja. Yote hayo niliyafanya ili siku moja nipewe bonde hili nilikague mwenyewe na kusema hakuna.

*

Tatizo la kazi hii ni kwamba huwezi kutotafuta. Swali la kwanza la Karani ni kama umetafuta kwa macho yako yote, na ukiwa umeruka hata mti mmoja kwa makusudi, damu yako itakusema. Kwa hiyo nilitafuta. Misimu mitatu nilimtafuta chura yule kwa bidii kuliko mtu yeyote aliyewahi kumpenda.

Anayetafuta chura wa mitini hatafuti chura. Mchana amelala, miguu ameikunja chini ya tumbo, rangi yake imekuwa rangi ya jani, na unaweza kumkodolea macho usimwone. Unatafuta jani lililonenepa. Unaingia chini ya mgomba mwitu, unalala chali kwenye tope, unatazama juu ili mwanga upite kwenye majani, na pale mwanga unapokataa kupita unasimama. Mara mia unakuta konokono, tone la maji au kinyesi cha ndege. Unasonga kwenye mgomba unaofuata.

Saa nane na nusu mvua ilikatika, ukungu ukapanda juu. Nilikuwa nimebakiza upande wa chini wa ndiva. Ukuta wa babu ulikuwa umebomoka sehemu mbili na maji yalikuwa yamebaki ya kufika magotini, yamefunikwa na majani. Juu ya maji, kwenye tawi, niliona povu jeupe la ukubwa wa ngumi, limekauka kwa nje. Vyura wa mitini hutaga ndani ya povu kama hilo, viluwiluwi vikianguliwa vinadondoka majini. Lakini povu si chura. Sheria inataka chura. Nilijiambia hivyo mara kadhaa.

Mgomba wa tano kutoka kwenye tawi lile, jani la tatu, mwanga haukupita.

Kilikuwa kivuli kidogo, kama kifundo cha kidole gumba. Niliinuka polepole, nikazunguka, nikalitazama jani kwa juu. Alikuwepo. Kijani cha jani changa, amenyunyiziwa vidoadoa vyeupe mgongoni kana kwamba mtu amemtia chumvi, na mstari mwembamba wa dhahabu juu ya kila jicho. Koo lake lilikuwa linapiga taratibu. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kabisa, na hilo lilinishangaza, kwa sababu chura wa Mgonja anajulikana nchi nzima kwa vidole vyekundu. Yuko hivyo kwenye stempu, kwenye vibao vya barabarani na kwenye fulana za watalii. Daktari mwenyewe ndiye aliyemchora.

Nasema wazi, nilimchukia yule chura. Kisha nikamchukia Daktari upya, chuki mbichi, mbaya kuliko ile niliyopanda nayo mlimani. Angekuwa mwongo tu, labda siku moja uzeeni ningemsamehe. Nilichoshindwa kumeza ni kwamba alikuwa mwongo na alikuwa sahihi.

Na neno la kusema lilinijia lenyewe, sikulitafuta. Sijamwona chura wa Daktari Mgonja. Chura wa Daktari ana vidole vyekundu, huyu hana. Chura wa Daktari alikuwa kichwani mwa Daktari. Damu yangu ingekubali. Miaka tisa nimeishi na ukanda huu shingoni, najua unapodanganyika, na Tumpale angeandika sijaona, na saa kumi na dakika moja Mnambwe ingekuwa yetu.

Baba alinipigia asubuhi ile kutoka kambini kuuliza kama mparachichi wetu wa nyuma ya jiko bado umesimama. Nilimwambia upo, umezaa mpaka matawi yamevunjika. Alikuwa amelala kitandani tangu mwezi wa pili, anakataa dawa, na hilo ndilo jambo la kwanza kumfanya acheke mwaka huu.

Lakini nilijua pia jambo ambalo Baba sikumwambia. Vijana wetu kambini walikuwa wameshakubaliana na mnunuzi wa mbao. Mtambo wa kukatia miti ulikuwa umeegeshwa mjini Same wiki nzima, unasubiri neno langu. Siku tutakayorudishiwa bonde, upande wa chini wa ndiva ungekuwa wa kwanza kufyekwa, kwa sababu ndiko barabara inakopita. Siwalaumu, wamekulia kwenye bati. Chura huyu asingemaliza mwezi, na kama kuna mwingine wa aina yake duniani, sisi macho hatujamwona.

Nikabaki nimesimama mbele ya lile jani.

*

"Umemwona."

Daktari alikuwa nyuma yangu. Mshitakiwa ana haki ya kutembea na mkaguzi, na alikuwa amenifuata kwa siku tatu kwa umbali wa hatua ishirini, akijikwaa kwenye mizizi, maana macho yake yana ukungu. Tumpale alikuwa juu kwenye ukuta na mwavuli wake, hasikii.

Niliendelea kulitazama jani.

"Nimekaa na watu wa macho maisha yangu yote," alisema. "Mtu akiwa hajaona anasonga mbele. Wewe umesimama dakika kumi." Alisogea, akashika fimbo kwa mikono miwili. "Nakijwa, mwanangu. Vidole vyake ni vyekundu?"

Niligeuka nikamtazama. Nadhani hakujua alichokisema mpaka alipouona uso wangu.

"Si wewe uliyemchora, Daktari?"

Alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye jiwe lililoanguka kutoka kwenye ukuta wa babu yangu.

"Nilisikia sauti yake usiku, siku mbili," alisema. "Sauti ambayo sijawahi kuisikia kwingine. Asubuhi nikakuta povu. Nikahesabu mayai, nikapima, nikalinganisha na vyura wote tunaowajua, nikaona wapo. Niliona, Nakijwa. Sikudanganya ukanda."

"Kwa macho?"

"Macho yangu hata wakati ule yalikuwa yameanza." Alijipangusa uso. "Walikuwa wanakuja kuugawa msitu. Ningesubiri msimu mmoja zaidi pasingekuwa na kitu cha kusubiri. Halafu walitaka picha ya kuweka kwenye vibao. Nikachora. Vidole vyekundu nilivitoa kwa chura mmoja wa Uluguru, nilidhani wanaweza kufanana."

"Na sisi?"

"Ninyi niliona mtapewa pengine penye rutuba. Tuliahidiwa."

"Uliona tena."

Aliinamisha kichwa. Nilitamani apinge, anitukane, aniite mtoto asiye na adabu, ili nipate pa kumshika. Hakupinga. Mzee yule alikuwa analia bila sauti, na mimi nilisimama nikimtazama na sikusikia huruma yoyote, nilisikia njaa. Miaka kumi nilikuwa nimelitaka neno hilo kutoka mdomoni mwake, na sasa amelisema kwenye tope, chini ya chura mwenyewe, mahali ambapo halina kazi. Kwa sababu kama chura yupo, hakuna anayemuuliza Daktari aliona vipi. Ukaguzi ukikuta mnyama, kesi inakufa.

"Nionyeshe," alisema. "Ukitaka usiseme kwa Karani, usiseme. Nenda nami kwenye bati, nitakwenda. Lakini nionyeshe tu. Miaka kumi ana jina langu na sijui anafananaje."

"Yupo kwenye urefu wa mkono wako," nilimwambia. "Mtafute."

Akainuka. Nilirudi nyuma hatua mbili nikakunja mikono. Alilitazama jani la kwanza, akalisogezea uso mpaka pua ikagusa. Akaenda la pili. Alipapasa hewani, anaogopa kugusa asije akamwamsha, akarudi kwenye jani lile lile alilokwisha kulitazama. Alipita mbele ya chura mara tatu. Mara ya pili pumzi yake ilimpepea, nikaona kope za chura zikicheza, na Daktari akasonga mbele kutazama doa la ukungu kwenye shina. Nilimwacha hivyo nusu saa. Nilikuwa nimekuja Mnambwe kupata kitu kama hiki na sikutaka kiishe haraka.

Juu ukutani Tumpale alipuliza filimbi. Saa kumi kasoro dakika tano.

"Nakijwa," alisema Daktari, bado ameelekea kwenye majani. "Tafadhali."

Nilipanda kwenda kwa Karani. Nilimsikia akinifuata, fimbo ikiteleza kwenye mawe.

*

Tumpale aliweka daftari kwenye magoti, akavaa miwani. Nikasimama pale pale aliposimama Daktari miaka kumi iliyopita. Mpaka wakati huo, naapa, maneno yote mawili yalikuwa mdomoni mwangu, yamekaa pamoja.

"Nakijwa Kadeghe, umetafuta kwa macho yako yote?"

"Nimetafuta."

Mimi siwezi kuiona taa ya shingoni mwangu. Niliiona kwenye miwani ya Tumpale, kijani.

"Umeona nini?"

Sijamwona chura wa Daktari Mgonja. Nilifungua mdomo kulisema. Lilikuwa tayari, tamu, limepikwa vizuri, na nilipoanza kuvuta pumzi nikaitambua sauti. Ilikuwa ya Daktari, ya siku ile, juu ya ukuta huu huu. Ningewarudisha watu wangu nyumbani kwa kinywa chake, na kila nitakapopita kwenye visiki ningejua kwamba nimesema kama Mgonja. Hilo nilimnyima. Sikuwa tayari kumpa hata mdomo wangu.

"Nimemwona chura," nilisema. "Mmoja. Kwa macho."

Kijani. Nyuma yangu Daktari alitoa pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki."

"Nyamaza, Daktari, sijamaliza."

"Alama zake?" aliuliza Tumpale.

Nikazitaja. Kijani, vidoadoa vyeupe, mstari wa dhahabu juu ya jicho, vidole vyeupe. Daktari alikuwa amefumba macho akisikiliza, midomo ikirudia kila neno baada yangu. "Vyeupe," alisema peke yake. Nilitaka kuacha kuzitaja asizipate, lakini kazi ni kazi.

Tumpale aliandika, akageuza ukurasa. Chini kabisa ya fomu kuna mstari mmoja ambao hakuna mtu anayeujali. Kuonekana kwa mara ya ngapi. Kalamu yake ilikuwa imeshaanza.

"Hapa naandika ya pili," alisema.

"Usiandike, mama. Niulize."

Alishusha miwani, akanitazama mimi, akamtazama Daktari, akanitazama tena. Si mtu mjinga.

"Unajua ninachokiuliza?" alisema polepole. "Ukisema ya pili, neno la Daktari linathibitika na kila mtu anakwenda nyumbani kwake. Ukisema ya kwanza na taa ikakubali, neno la mwaka ule linafutwa. Itakuwa watu waliondolewa bila ushahidi, na Daktari atahamishwa. Bonde litabaki limefungwa kuanzia leo, kwa sababu yako, na shauri la zamani la kuondolewa kwenu litabidi lifunguliwe upya, na sijui nani atashinda."

"Najua. Niulize."

"Nakijwa." Daktari alikuwa amenishika mkono wa shati. "Nilikwambia kama mtu anavyomwambia mtoto wake."

Niliutoa mkono wake. Vidole vilikuwa vya baridi na tope.

"Kuonekana kwa mara ya ngapi?" aliuliza Karani.

"Ya kwanza."

Miwani ya Tumpale ilikaa giza kwa kitambo kidogo, nikadhani nimekosea, nikadhani labda bado kuna mahali moyoni nilipomwamini yule mzee. Kisha ikawa kijani. Tumpale aliandika herufi moja moja, akamgeuzia Daktari daftari ili aweke saini, na kwa kuwa hakuuona mstari ilibidi Karani amwongoze mkono.

Nilishuka hadi pale mtandao unaposhika, nikampigia Baba. Nilimwambia yote bila kupamba. Bonde halijarudi. Chura yupo, nimemtaja. Mgonja hakumwona, na sasa imeandikwa hivyo, na mwezi ujao atahamishiwa kambini. Kesho asubuhi nafungua kesi ya kuondolewa bila ushahidi, na huenda ikachukua miaka mitatu, huenda minne.

Nilimsikia Baba akijiinua kitandani. Ana miaka themanini na mbili, anamzidi Mgonja kumi na moja.

"Zile dawa zangu za presha," alisema, "ulizitupa?"

"Zipo kwenye kabati, Baba."

"Basi mwambie dada yako aniletee na maji. Na kiti changu kitolewe nje kabla yule mtu hajafika. Nataka anikute nimekaa."